Ameduwaa, ameganda au kafa ganzi? Mwongozo kamili wa kuandika hofu inayomsimamisha mtu

Kazi yangu ni kuhariri hadithi za watu. Kuna sentensi moja naifuta karibu kila muswada, na kila nikiifuta inarudi na mwandishi mwingine: "Alikuwa ameogopa sana mpaka akagandishwa na hofu." Mwandishi anataka nimwone mtu aliyekwama mbele ya jambazi. Mimi namwona samaki wa soko la Feri ndani ya friza.

Wanaokosea hapa si wavivu. Wengi picha wanayo sahihi kichwani, ila wanatafuta neno moja la kuibeba yote. Kiingereza kinalo, *petrified*, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jiwe, na humo ndani hofu na kusimama vimekaa pamoja. Kiswahili kimevitenga. Yako maneno ya kuogopa na yako maneno ya kusimama, na anayeandika ndiye mshenga wa kuyaoanisha. Hatua zilizo hapa chini ni za ndoa hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Aya yako mwenyewe yenye mtu aliyeshikwa na hofu, hata kama ni mbovu. Bila aya hutajifunza kitu, utasoma tu.
- Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI inatosha, na Kamusi Kuu ya BAKITA ya mwaka 2015 inatosha vilevile. Ya Kiingereza kwa Kiswahili iweke kando kwa leo, maana itakupa orodha ya maneno kumi bila kukuambia lipi linasimama na lipi linakimbia.
- Kalamu ya rangi tofauti na uliyoandikia.
- Mtu mmoja mwenye sikio zuri la Kiswahili. Shangazi, fundi cherehani, yeyote, mradi asiwe mwandishi mwenzako.

Tenga saa nzima. Hatua ya tatu peke yake itakula nusu yake.

## Hatua ya 1: Andika tukio bila neno lolote la hofu

Chukua ukurasa mpya. Andika kilichotokea kwa vitendo vitupu. Usiandike hofu, woga, kuogopa, kutisha, wala mshtuko.

Nitatumia mfano wangu hadi mwisho. Nilikuwa na miaka tisa hivi, kwa bibi yangu huko Muheza, Tanga, na kazi yangu ya kila magharibi ilikuwa kuokota mayai. Siku moja jambo likatokea bandani. Rasimu tupu ni hii:

*Nilipenyeza mkono kwenye tenga, chini ya kuku. Niligusa kitu cha baridi. Kikajivuta. Sikuweza kutoa mkono. Bibi aliniita. Sikuitika.*

Sababu ya hatua hii ni kupima kama tukio lenyewe lina uzito. Kama ukiliandika hivi halitishi hata kidogo, hakuna neno la kamusi litakaloliokoa. Rudi kwenye tukio, si kwenye msamiati.

Utajua umefaulu ukimsomea mtu mistari hiyo, naye akakuuliza: "Kilikuwa kitu gani?"

## Hatua ya 2: Amua kama hofu yako inakwenda au inasimama

Hapa ndipo wengi wanapopotea, tena bila kujua.

Methali yetu inasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Hiyo ni hofu yenye miguu. Maneno yetu mengi ya hofu ni ya kundi hili, na ukiyatumia kwa mtu aliyesimama kama nguzo, sentensi inagombana yenyewe kwa yenyewe.

Taharuki ndilo linalotumiwa vibaya kuliko yote. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa *haraka*. Ndani yake mna mwendo: soko likiungua watu wanataharuki, wanakimbia huku na kule, wanapigana vikumbo. Kuandika "alitaharuki, akasimama kimya" ni kumwasha mtu moto na kumzima kwa pumzi moja. Wanafasihi wamelichukua neno hili kwa ile hali ya msomaji kutaka kujua kitakachofuata, na hapo pia ni roho ya msomaji inayohangaika.

Na usilichanganye na tahayari. Kutahayari ni kuona haya. Nimewahi kusoma hadithi ambamo mlinzi "alitahayari" alipomwona simba, na kwa siku nzima sikuacha kujiuliza alikuwa amemkosea nini yule simba.

Kiwewe nalo lina mwendo, ila wa ndani. Mwenye kiwewe anatafuta funguo ambazo amezishika mkononi, anafungua mlango wa kabati akidhani ni wa kutokea. Siku hizi neno hili linatumika pia kwa majeraha ya nafsi yanayobaki baada ya vita, ajali au kubakwa. Kama hadithi yako ina mambo hayo, pima mara mbili kabla ya kulitumia kwa mtu aliyeshtuliwa na paka.

Gwaya na tetemeka ni hofu inayotikisa mwili. Gutuka na shtuka ni za nukta moja, mwili unaruka na kwisha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, hasimami hapo mpaka jioni.

Sasa jiulize: mtu wako ukimpiga picha mbili, moja sasa na nyingine baada ya sekunde tano, zitafanana? Zikifanana, hofu yako inasimama. Endelea. Zisipofanana, huhitaji sehemu iliyobaki ya mwongozo huu. Chukua moja ya maneno niliyoyataja uende zako.

## Hatua ya 3: Chagua neno la kusimama

Usiharakishe. Kila neno hapa lina tabia yake, na nitakaa zaidi kwa yale yanayoleta ajali.

### Duwaa

Hili ndilo la kulijaribu kwanza. Aliyeduwaa yupo pale pale, macho mbele, kichwa hakipokei kitu. Lakini lisikudanganye: duwaa halina hofu ndani yake. Mtu huduwaa kwa uzuri wa bi harusi, kwa bei ya nyanya, kwa bao la dakika ya tisini. Ndiyo maana mama humwambia mtoto aliyeachia mdomo wazi, "Umeduwaa nini?", wala hakuna aliye hatarini. Hofu inabidi uilete wewe, ama kwa tukio, ama kwa mwili, ama kwa kusema wazi: *aliduwaa kwa hofu*.

Lina ndugu yake, tunduwaa, ambalo halisikiki sana mjini. Kwa sikio langu tunduwaa ni zito na la polepole zaidi. Linamfaa mtu aliyekaa kitako akitazama nyumba yake ikiteketea.

Chunga zubaa na pumbaa. Ziko jirani na duwaa kwenye kamusi, ila zinabeba lawama. Aliyezubaa angeweza kufanya kitu, hakufanya. Ukiandika kwamba mtoto alizubaa mbele ya mbwa, umeshamhukumu.

### Butwaa na bumbuazi

Haya ni majina, hayatembei peke yake. Yanataka kitenzi cha kuyabeba: mtu *hupigwa na* butwaa, *hushikwa na* bumbuazi. Bumbuazi huandikwa pia bumbuwazi. Chagua moja, ushikamane nayo hadi ukurasa wa mwisho.

Mimi nalisikia butwaa kama pigo, linakuja mara moja, na bumbuazi kama mkono uliofunika kinywa, maneno hayatoki. Si sheria, ila ukilifuata sikio hilo hutajuta.

Tatizo la butwaa ni kuchoka. Limeandikwa kwenye insha za mitihani Kenya na Tanzania mpaka limebaki ngozi: *nilipigwa na butwaa nusura nizirai.* Msomaji amelikariri pamoja na mwandishi. Sisemi ulitupe. Nasema litumie pale tu unapotaka kupita upesi, si pale ambapo hadithi yako yote inaning'inia.

### Ganda

Linapendwa sana, na lina matundu matatu.

La kwanza: kuganda kunataka kitu kilichokuwa majimaji. Damu huganda, uji huganda, maziwa huganda, mafuta ya nazi huganda chupani kipupwe kikiingia. Kwa hiyo "damu ilimganda" inatiririka vizuri, na "aliganda pale mlangoni" inapita. Lakini "mguu wake uliganda hewani" inamtaka msomaji aweke juhudi.

La pili: siku hizi simu huganda na kompyuta huganda. Kwa msomaji kijana wa mjini, mtu aliyeganda anaweza kuonekana kama kioo cha simu kilichokwama. Wakati mwingine hilo linachekesha kwa faida yako, wakati mwingine linakuharibia.

La tatu ndilo baya zaidi. Ukiweka kiambishi cha mtendwa, maana inageuka. *Aliganda* ni kusimama. *Alimganda* ni kumng'ang'ania mtu asiondoke. "Mwizi alipotokea, Asha alimganda" maana yake Asha kamkwida mwizi. Shujaa, ila si hadithi uliyokusudia.

Na *kugandishwa*, kama nilivyosema, waachie samaki.

### Kauka

Neno ninalolipenda. "Mbona umekauka hivyo?" ni swali la nyumbani kabisa. Aliyekauka amekakamaa, kimya, kama ukuni. Linafaa hofu ya mtu aliyefumaniwa akifanya jambo: mtoto mkono ndani ya kopo la sukari, karani na bahasha chini ya meza. Linashika pia sehemu za mwili: mate hukauka, koo hukauka.

Kwa Kiswahili cha vijiweni vya Dar es Salaam, "kausha" ni nyamaza, jifanye huna habari. Kama mazungumzo ya wahusika wako yana lugha hiyo, usiyaweke mawili karibu karibu.

### Kufa ganzi

Hapa mtu hakusimama tu, hausikii mwili wake. Tunalijua kutokana na mguu uliokaliwa vibaya, meno yaliyokula ukwaju, sindano ya daktari wa meno. Kwa hiyo litumie kwa sehemu ya mwili na kwa hofu iliyokaa muda: *vidole vilimfa ganzi akingoja jina lake lisomwe.* Kwa mshtuko wa ghafla halifai. Ganzi haiji kwa sekunde moja.

### Yanayofanana ila si yenyewe

Kupooza: msomaji atadhani ni kiharusi, atasubiri gari la wagonjwa.

Kihoro: ni hofu na huzuni ya kupotelewa. Mama aliyefika kisimani na kuikuta ndoo bila mtoto, huyo ndiye wa kihoro. Mbele ya simba hakuna kihoro, bado hujapoteza kitu.

Kunywea: ni kusinyaa, kukubali yaishe. Mbabe aliyekuwa akitamba kijiweni na kumwona askari hunywea. Hofu ipo, lakini ipo na aibu pembeni.

Kuzirai, kuzimia: huyo yuko chini, fahamu hana. Aliyeduwaa anaona kila kitu, na hapo ndipo penye ukatili wa hali yenyewe.

Kwa mfano wangu wa bandani nilijaribu *niliganda*, nikalifuta kwa sababu kitu cha baridi kilikuwa tayari kimo kwenye sentensi na baridi mbili zinauana. Nilijaribu *nilikauka*, nikalipenda. Mwishoni niliamua neno la kusimama lisitoke kinywani mwangu kabisa, litoke kwa mtu mwingine. Utaona.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sauti kwa nini umekataa maneno mawili mengine. Kama umechukua ulilolizoea tu, rudi.

## Hatua ya 4: Nyoosha sarufi, maana hapa ndipo mtu anaposimama kweli

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Kwanza, acha "alikuwa anaduwaa". Duwaa, ganda, kauka ni vitenzi vya kuingia katika hali. Ukishaingia, Kiswahili kinatumia *-me-*: ameduwaa, alikuwa ameduwaa. "Anaduwaa" ni mazoea, kila akiona damu anaduwaa. Kosa hili linatoka moja kwa moja kwenye kutafsiri kichwani.

Pili, tofautisha "na" na "kwa". Butwaa linampiga mtu, ni mtendaji, kwa hiyo: alipigwa *na* butwaa, aliingiwa *na* hofu. Duwaa analifanya mtu mwenyewe, hofu ni sababu tu: aliduwaa *kwa* hofu. Ukiandika "alipigwa kwa butwaa", umelifanya butwaa kuwa fimbo.

Tatu, mwili usiwe na "yake". Kiswahili hakisemi "mate yake yalikauka" pale mtu anapopatwa na jambo. Kinasema *mate yalimkauka*, *magoti yalimlegea*, *macho yalimtoka pima*. Hiyo *-m-* ndiyo inayoonesha kwamba jambo limempata mtu mzima, halikuishia kwenye kiungo. Pitia aya yako na kalamu ya rangi, uzungushie duara kila "yake" na "wake" iliyokaa baada ya kiungo cha mwili. Nusu utazifuta.

Nne, katisha mnyororo wa "-ka-". Hili sijaliona likifundishwa, na mimi nimelipata kwa kusikiliza wasimuliaji. *-ka-* ni mwendo: akaingia, akaona, akashika. Hadithi inatembea kwa miguu hiyo. Mtu wako anapokwama, miguu ya hadithi nayo ikwame. Ondoa *-ka-*, weka *-me-* na *-si-*:

*Akasukuma mlango, akaingia, akawasha taa. Yupo mtu kitandani. Amebaki amesimama, mkono ungali ukutani, asiseme, asikohoe.*

Sentensi ya kwanza inakwenda, zinazofuata zimesimama. Hakuna neno la hofu hata moja. *Asiseme, asikohoe* zinafanya kazi kuliko "alishindwa kuzungumza", kwa sababu zinaonesha vitu vidogo ambavyo mtu angetarajiwa kuvifanya, na havikufanyika.

Tahadhari: usikatishe mnyororo mara tatu ndani ya ukurasa mmoja. Hadithi itaanza kukohoa kama gari lenye mafuta machafu.

## Hatua ya 5: Upe mwili kazi, lakini viungo viwili tu

Mnyama anayewindwa husimama kwa sababu macho ya mwindaji hunasa mwendo upesi. Mwili wa binadamu nao unaijua njia hiyo: misuli inakaza, pumzi inabanwa, na katika hali hii mapigo ya moyo yanaweza kupungua kwa muda badala ya kwenda mbio. Kwa hiyo "moyo ulimwenda mbio" si lazima uwe wa hapa. Mara nyingi unakuja baadaye, mtu akishaanza kukimbia. Kwa anayesimama, *moyo ulisita* au *pumzi ilimkatika* zinakaa karibu zaidi na ukweli.

Chagua viungo viwili, kimoja ambacho wengine wanakiona na kimoja anachokijua mwenyewe. Macho yaliyomtoka pima yanaonekana. Mate yaliyomkauka anayajua yeye. Ukiweka macho, mate, magoti, nywele, jasho na tumbo kwa pamoja, msomaji anahesabu badala ya kuogopa.

Kuna usemi mzuri unaokufa taratibu: *malaika kumsimama mtu*. Malaika ni vile vinyweleo laini vya mwilini. Kwa msomaji wa pwani mwenye umri unapita bila swali. Kwa msomaji mwingine utaonekana kama njozi, mtu kasimamiwa na malaika mwenye mabawa. Kama huna uhakika na wasomaji wako, andika *vinyweleo vilimsimama*.

Usisahau masikio. Anayeogopa hivi anasikia sana: bomba linalodondosha, redio ya jirani, kijiko kikigonga sufuria. Sauti ya maisha yanayoendelea upande wa pili wa ukuta inamkwamisha zaidi kuliko kishindo chochote.

## Hatua ya 6: Tashbihi moja, na itoke mahali pale pale

*Kama sanamu* imechakaa. *Kama gogo* inamlaza, kwa sababu tumezoea mtu kulala kama gogo. *Kama kuku aliyenyeshewa* ni ya kunywea. *Tuli kama maji ya mtungini* ni utulivu wa mtu mwenye amani, nimeiona imewekwa kwa mateka na nikasikitika. *Kama aliyeona jini* inaeleza uso, si kusimama.

Tafuta ndani ya kazi au mahali pa mhusika. Mvuvi asimame kama ngalawa iliyopwelewa: maji yameondoka chini yake, hawezi mbele wala nyuma mpaka yarudi. Utingo asimame kama lori lililozima katikati ya mlima. Ukikosa, acha. Aya isiyo na tashbihi haijawahi kumuua mtu.

## Hatua ya 7: Mtoe

Waandishi wengi wanamgandisha mhusika, kisha mstari unaofuata anapika chai. Aliyesimama lazima aachiliwe, na kinachomwachilia kiwe kidogo na cha nje: jina lake likiitwa, mlango ukibamizwa, mtoto akilia.

Maneno ya kutumia ni *alizinduka*, *alizindukana*, *akashusha pumzi*. "Fahamu zilimrudia" waachie waliozimia. Mara nyingi mwili hulipa deni lake hapa. Mtetemeko, jasho na machozi huja wakati hatari imeshapita. Hapa ndipo unapoirudisha *-ka-*, na hadithi inaanza tena kutembea.

## Hatua ya 8: Msomee mtu, umtazame usoni

Msomee yule mtu wako mwenye sikio. Usimwambie ni hadithi ya hofu. Usimwulize kama ameipenda, atasema ndiyo kwa adabu. Mtazame mikono. Akiacha kushona, akiacha kuchambua mchele, akabaki na kitu mkononi bila kukitumia, aya yako imekamata. Akikukatiza kukusahihisha neno, andika sahihisho lake pembeni hata kama hukubaliani nalo. Mara nyingi yeye ndiye aliye sahihi, sisi tumeharibiwa na kusoma.

Aya yangu, baada ya hatua zote, na baada ya shangazi kunifutia sentensi mbili nilizozipenda sana, ni hii:

*Jua lilishazama. Nikapiga magoti mbele ya tenga, nikapenyeza mkono chini ya kuku, nikapapasa. Yai la kwanza. La pili. Kisha vidole vikagusa kitu cha baridi, laini, kisicho yai. Kikajivuta.*

*Nimebaki nimepiga magoti, mkono umo tengani, pumzi nimeibana, mate yamenikauka. Kuku naye katulia, jicho moja kanikazia. Namsikia Bibi akimwaga maji uani. Nasikia adhana kwa mbali. Kitu kimejivuta tena, kimekaa juu ya kiganja.*

*"Wewe mume wangu!" Bibi ananiita. Kila siku huitika naam kabla hajamaliza. Leo naam haipo.*

*"Umeduwaa nini huko, unayatotoa wewe hayo mayai?"*

*Mkono ukachomoka wenyewe. Nikaanguka chali, kuku akaruka, mayai mawili yakapasuka, na ndipo nikaanza kutetemeka. Bibi akaja na chemli mkono mmoja na mpini wa jembe mkono wa pili. Akachungulia tengani kwa muda mrefu. Akaweka mpini chini, akashika kiuno, akacheka hadi chemli ikataka kumzimikia.*

*Alikuwa chura.*